Haki ya Kusikilizwa: Usawa na Serikali katika Kusadikika, "Mnazi" na Gamba la Nyoka

Suala la usawa katika jamii limewashughulisha watunzi wa Kiswahili kwa muda mrefu, na wahakiki nao hawakulikwepa. Hata hivyo, uhakiki mwingi wa miaka ya 1970, ulioandikwa wakati Azimio la Arusha lilipokuwa bado bichi na matumaini ya uhuru yalipokuwa yakichujuka nchini Kenya, ulilitazama suala hili kwa upande mmoja zaidi. Usawa ulipimwa kwa mizani ya mali: nani anamiliki ardhi, nani anavuja jasho, na nani anakula asichokilima. Kipimo hicho ni cha haki, na hakuna sababu ya kukitupa. Lakini ziko kazi ambazo kipimo hicho peke yake hakizitoshi. Katika kazi hizo, kabla ya swali la nani anapata nini, liko swali la nani anasikilizwa wakati serikali inapoamua nani apate nini.

Makala haya yanachunguza kazi tatu za namna hiyo: riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), shairi la majibizano "Mnazi: Vuta n'Kuvute" lililomo katika diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), na riwaya ya Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi (1979). Kazi hizi zinahusu serikali tatu za aina mbalimbali: serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Tanganyika, serikali ya Kenya huru iliyochagua njia ya soko na mtaji wa watu binafsi, na serikali ya Tanzania iliyotangaza ujamaa. Tofauti hizo si ndogo. Hata hivyo watunzi wote watatu wanaigusa kasoro ile ile, yaani serikali inayojiona kuwa mgawaji wa haki huku ikikataa kuwa msikilizaji. Aidha, kazi hizi zikisomwa pamoja zinadhihirisha jambo la pili, kwamba kusikilizwa nako hakutoshi. Mahali ambapo mgawo wenyewe haubadiliki, sikio la mtawala hubaki kuwa hisani, na hisani huweza kuondolewa wakati wowote.

Baraza la aina mbili

Lugha ya Kiswahili yenyewe imeuhifadhi mgogoro huu katika neno moja. Baraza, kwa watu wa Lamu, Mombasa na Unguja, ni kile kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mwenyeji, jirani na mgeni hukaa kimo kimoja wakazungumza. Neno hilo hilo ndilo jina la mkutano unaoitishwa na chifu au mkuu wa wilaya. Katika baraza hili la pili, meza na viti huwekwa mbele, wananchi hukaa nyasini, na mara nyingi shughuli huwa ni kusomewa mambo yaliyokwisha kuamuliwa mahali pengine. Maswali huulizwa mwishoni, iwapo muda umebaki.

Haifai kulipamba baraza la kwanza kupita kiasi. Katika miji ya pwani ya zamani, mtumwa hakukaa hapo sawa na bwana wake, wala mwanamke hakuketi hadharani na wanaume wa mtaa. Usawa wa baraza ulikuwa usawa wa wale waliokubaliwa kukaa. Pamoja na hayo, sura yake imebaki katika fikira za watu kama mfano wa mazungumzo yasiyo na kiti cha juu, na ni kwa sura hiyo ndipo baraza la serikali linapimwa na kuonekana limepungukiwa.

Methali nazo zinavutana. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba sikio halipiti kichwa. Katika methali hizi wajibu wa kusikia umewekwa kwa aliye chini. Lakini husemwa vilevile: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii hutajwa mara nyingi kana kwamba ni sauti ya ukombozi. Ikitazamwa vizuri, haimwokoi mnyonge. Inamruhusu mnyongaji aendelee na kazi yake. Inachodai ni kwamba, hata hapo, haki ya mnyonge itambuliwe na itamkwe. Kati ya methali ya guu na methali ya mnyonge ndipo zilipo kazi tatu zinazochunguzwa hapa.

Kesi ya Karama

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama, raia wa nchi hiyo, anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mwenye sauti kuliko wote, na kosa analoshtakiwa ni kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Shaaban Robert hakuchagua kosa la wizi, la uasi wa silaha wala la kumtukana mfalme. Alichagua kosa la kutaka watu wajue namna ya kujitetea. Kwa uteuzi huo tatizo la Kusadikika limekwisha kuelezwa: ni nchi ambayo mtu anaweza kuhukumiwa, lakini hana njia ya kueleweka.

Wahakiki wengi wameshughulika na wajumbe sita ambao Karama anawataja katika utetezi wake: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja wao alitumwa nje ya Kusadikika, akapata taabu ya safari, akarudi na habari za mambo mema aliyoyaona kwingine, na malipo yake yakawa kifungo. Visa hivyo kwa kawaida husomwa kama mafundisho juu ya utawala bora. Ni kweli kwamba ni mafundisho. Lakini kazi yake katika muundo wa riwaya ni kubwa zaidi. Karama amepewa nafasi ya kujitetea yeye mwenyewe, naye anaitumia nafasi hiyo kuzifungua upya kesi za watu wengine. Siku baada ya siku, baraza lililokutana kumhukumu mtu mmoja linajikuta linasikiliza rufani za watu sita ambao lilikwisha kuwafunga. Walipofungwa, ushauri wao haukupimwa. Sasa unapimwa kwa mara ya kwanza, na wapimaji ni wale wale waliowafunga. Huu ndio ustadi wa riwaya hii. Mshtakiwa ameligeuza baraza la hukumu kuwa baraza la kusikiliza, bila ya baraza lenyewe kutambua ni lini limegeuka.

Muundo huu unapata uzito zaidi ukiwekwa katika wakati wake. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, mwaka ambao Shaaban Robert aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni akiwa karani wa forodha. Waafrika wa kwanza hawakuketi katika baraza hilo mpaka mwaka 1945, na hao walikuwa machifu walioteuliwa na gavana. Kwa muda wa miaka kumi na tisa, basi, sheria zilizowahusu Waafrika zilitungwa katika chumba ambacho Mwafrika hakuwa na kiti. Mtunzi aliijua serikali hiyo kutoka mezani pake. Aliona barua zikiingia na amri zikitoka. Nchi iliyo angani, isiyoshikamana na ardhi ya watu inaowatawala, ilikuwa istiari iliyo karibu sana na uzoefu wake, ijapokuwa ilifichwa vya kutosha kupita mikononi mwa wachapishaji.

Lawama kubwa iliyoelekezwa kwa Kusadikika inahusu mwisho wake. Karama anaachiwa huru, wajumbe wanafunguliwa, na mfalme anabaki kitini. Wahakiki wenye mwelekeo wa kimapinduzi waliona hapa udhaifu wa falsafa ya mtunzi: watawala hawabadiliki kwa kuhubiriwa, na mabadiliko yanayosubiri moyo wa mfalme ulainike si mabadiliko. Lawama hii ina haki yake. Kitu kilichowafungua wajumbe ni uamuzi wa mtu mmoja, na uamuzi huo mfalme anayefuata anaweza kuutangua. Wala mtunzi haonyeshi mashamba na ghala za Kusadikika zikigawanywa upya. Aliyekuwa na kingi bado anacho.

Hata hivyo lawama hiyo inasahau kosa aliloshtakiwa Karama. Huyu hakuja barazani kuomba huruma. Alitaka pawe na elimu ya sheria, na elimu ya sheria ni jambo linaloweza kuishi baada ya Karama kufa na baada ya mfalme kufa. Mwisho wa riwaya ni wa hisani, lakini dai lililo katika kiini chake ni la taasisi. Mvutano huu kati ya dai na mwisho wake Shaaban Robert hakuutatua, na pengine katika mwaka 1951 asingaliweza. Ni mvutano uliorithiwa na watunzi waliomfuata.

Mnazi wa ndugu wawili

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa alisambaza kijitabu chenye kichwa cha swali: Kenya: Twendapi? Aliyekiandika, Abdilatif Abdalla, alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kijitabu kilishutumu mwenendo wa serikali ya chama cha KANU dhidi ya chama cha upinzani cha KPU, ambacho kilikuwa kimeundwa mwaka 1966 chini ya Oginga Odinga na ambacho kilipigwa marufuku mwaka 1969. Mtunzi alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine yakiandikwa kwa siri kwenye karatasi za chooni, ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Swali lake lilikuwa kosa la jinai. Majonzi yake yakawa fahari ya taifa. Visa vya Kusadikika havikuhitaji tena kuwekwa angani.

Miongoni mwa mashairi hayo, "Mnazi: Vuta n'Kuvute" ndilo linaloligusa suala la usawa kwa uwazi zaidi. Alii na Badi ni ndugu wanaogombana juu ya mnazi ambao kila mmoja anaona ana haki nao. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini. Aliye juu anazifikia nazi. Aliye chini ana hoja zake tu. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa thamani ya mti huu. Mnazi hutoa tui, mafuta, makuti, kamba, kuni na tembo, na huishi miaka mingi kuliko wengi wa wanaougombania. Kuunyima mkono wa ndugu ni kumnyima nyumba, jungu na biashara kwa pamoja. Jazanda ya nchi inaonekana dhahiri, na jazanda ya serikali kama yule aliyetangulia kupanda inaonekana vilevile.

Ili kuupima uzito wa jazanda hii, inafaa kuukumbuka Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliotangaza ujamaa wa Kiafrika kuwa mwongozo wa mipango ya Kenya. Waraka ulizungumza juu ya usawa wa kisiasa na haki ya jamii. Ulipofika kwenye fedha, ulishauri kwamba uwekezaji upelekwe kwanza kwenye maeneo yenye rutuba, mvua na njia za usafirishaji, ambako mapato yangekuwa makubwa zaidi, ili faida ya huko isaidie maeneo mengine baadaye. Kwa lugha ya shairi, upande wa mnazi unaozaa ndio umwagiwe maji, na walio upande mwingine wangoje nazi zianguke. Mikoa iliyongojeshwa inajulikana, na wakazi wake hawakuulizwa kama wangekubali kungoja.

Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi katika shairi hili ni fani yake. Majibizano ni utanzu wenye sheria. Kila mshairi hupewa zamu, na anayejibu hulazimika kuipokea hoja ya mwenziwe, aigeuze na airudishe. Mtu hawezi kuyashinda majibizano kwa kumziba mdomo mpinzani, kwa maana mpinzani akinyamaza shairi limekwisha. Hivyo ndivyo fani ya "Mnazi" inavyoyapinga mazingira yaliyomo ndani yake. Mtini kuna juu na chini. Katika beti hakuna. Badi na Alii wanasimama sawa katika vina na mizani hata pale wasipokuwa sawa katika nazi. Mtunzi aliyefungwa kwa kuuliza swali amejenga, ndani ya chumba cha gereza, baraza ambalo nchi yake ilimkatalia, na humo amempa hata yule anayempinga nafasi ya kujieleza kikamilifu. Huo ni uadilifu ambao serikali iliyomshtaki haikuuonyesha.

Hapa pia pana mpaka. Wanaobishana ni ndugu wawili wa kiume. Dada yao, kama wanaye, hayumo katika ubishi, ijapokuwa suala lenyewe ni la urithi na ijapokuwa kazi nyingi za mnazi, kama kusuka makuti, kukuna nazi na kusokota kamba za makumbi, zimekuwa mikononi mwa wanawake katika sehemu nyingi za pwani. Kortini Kusadikika nako wasemaji wakuu ni wanaume. Haki ya kusikilizwa inatetewa kwa nguvu na watunzi ambao wenyewe hawakuwageukia nusu ya wasikilizwaji. Kulisema hili si kuwadharau. Ni kuonyesha kwamba baraza la fasihi nalo lina watu walioachwa nje ya ukumbi.

Amri ya kuhama

Ama kwa upande wa Gamba la Nyoka, hali ni tofauti kwa namna inayoufanya mjadala uwe mgumu zaidi. Hapa serikali ndiyo inayotaka usawa. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kuwa na nyumba za kupangisha. Katika mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Nyerere alitoa maelezo ya Ujamaa Vijijini, ambamo alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa viundwe kwa hiari, kwa kuwa haiwezekani kuwalazimisha watu kuishi kijamaa. Ni vigumu kuipata serikali nyingine ya Afrika Mashariki iliyouweka usawa mbele kwa maneno bayana kiasi hicho.

Miaka sita baadaye, mnamo Novemba 1973, ilitolewa amri kwamba watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia vijijini kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa. Mahali pengine malori yalikuja, nyumba zikabomolewa au zikachomwa, na watu wakashushwa mahali pasipokuwa na maji wala vivuli. Ni kweli kwamba vijiji vilirahisisha kujenga shule na zahanati, na kwamba maelfu ya watoto waliingia darasani ambao wasingaliingia. Mhakiki mwadilifu hana budi kuliweka hilo mizanini. Lakini hana budi pia kuikumbuka Songea, ambako wakulima walikuwa wameunda vijiji vyao wenyewe kwa hiari, kikiwamo Litowa, na kuviunganisha katika chama cha maendeleo cha Ruvuma. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969. Watu waliokuwa tayari wanaishi lile lililohubiriwa walionekana ni tatizo, kwa sababu walilifanya bila ya kuamriwa.

Kezilahabi aliyajua mambo haya kwa karibu. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya Gamba la Nyoka kutoka, aliandika tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Kwa hiyo si ajabu kuiona riwaya hii ikisimama mbele ya Kusadikika kama jibu. Kisole ni kijiji ambacho wakazi wake wanaletewa habari ya kuhama, nao wanaipinga. Wapinzani hawakuchorwa wote kuwa mashujaa. Padre Madevu, kwa mfano, anaupinga ujamaa, lakini hofu ya kanisa lake na hofu ya mkulima anayeacha migomba yake si hofu moja. Mtunzi hawalazimishi wahusika wake wakubaliane ili hoja yake ipite. Mwishowe serikali inatumia nguvu, na nguvu inashinda.

Majina ya wahusika yanaonyesha umbali uliopo kati ya riwaya hizi mbili. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina ya tabia: Karama, Majivuno, Amini. Kwake tatizo la serikali ni tatizo la moyo, na waziri mwovu akiondolewa penye sikio la mfalme mambo yatatengenea. Vijana wasomi wa Kezilahabi, wanaokuja kuwaongoza wanavijiji, wanaitwa Mambosasa na Mamboleo. Haya ni majina ya wakati, wala hayana wema au uovu ndani yake. Tena yana maana moja: mambo ya sasa, mambo ya leo. Kijiji kimeletewa viongozi wawili wenye jina moja kwa maneno mawili, kama ambavyo kimeletewa amri moja kwa vipaza sauti vingi. Lolote watakalolisema juu ya jana ya kijiji, jana hiyo haimo katika majina yao.

Kichwa cha riwaya kimefafanuliwa mara nyingi kwamba nyoka akijivua gamba hubaki nyoka, yaani unyonyaji ulibadili sura tu. Maana hiyo ipo. Lakini gamba lililoachwa njiani lina sifa nyingine inayojulikana kwa kila mtu aliyekulia mashambani: humtisha mpita njia hata kama nyoka mwenyewe amekwisha kwenda zake. Mkulima wa Kisole anaogopa serikali ya ujamaa kwa sababu anaiona imevaa umbo la ile aliyoijua kabla yake, iliyokuja na karani, askari na tarehe ya mwisho. Labda iliyomo ndani ni tofauti. Hawezi kujua, kwa maana hakuna aliyeketi naye akamweleza na kumngoja ajibu. Laiti angesikilizwa, huenda angekubali baadhi ya mambo aliyolazimishwa. Serikali ilipoteza ridhaa ambayo pengine ilikuwa inapatikana.

Hapo ndipo Kezilahabi anapompita mwalimu wake. Kusadikika iliuliza nini kinatokea pale serikali ovu inapokataa kusikiliza. Gamba la Nyoka inauliza nini kinatokea pale serikali yenye nia njema inapokataa kusikiliza. Jibu lake ni kwamba kwa yule anayebomolewa nyumba tofauti haionekani. Ushahidi wa miaka iliyofuata umeliunga mkono jibu hilo. Miiko ya uongozi iliyotungwa Arusha ililegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, tena katika kikao cha viongozi. Usawa uliokuwa umeteremshwa kutoka juu uliondolewa kutoka juu, na wananchi ambao kwa jina lao ulitangazwa hawakuwa na namna ya kuuzuia usiondoke. Lile lililohofiwa kuhusu hisani ya mfalme wa Kusadikika lilitimia katika jamhuri.

Hitimisho

Kazi hizi tatu zikiwekwa sambamba zinasahihishana. Kusadikika inaonyesha kwamba mtu anaweza kusikilizwa hadi mwisho na bado mgawo wa nchi ukabaki ulivyokuwa. Gamba la Nyoka inaonyesha kwamba mgawo unaweza kubadilishwa kwa jina la wanyonge huku wanyonge wenyewe wakisukumwa kama mizigo. "Mnazi" liko katikati: linadai nazi, na linazidai kwa fani ambayo haimruhusu yeyote kunyamazishwa. Kwa sababu hiyo shairi hilo fupi linaikamilisha hoja ambayo riwaya mbili zimeigawana.

Wajibu wa serikali unaochomoza katika kazi hizi ni wa pande mbili, na upande mmoja hauwezi kulipia deni la mwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imejaribu kuziandika pande zote mbili. Ibara ya 27 inatamka usawa mbele ya sheria. Ibara ya 43 inataja afya, makazi, chakula, maji na elimu. Na Ibara ya 10 inauhesabu ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Maneno hayo yamepata meno mara kadhaa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Elimu ya sheria aliyoitaka Karama imepata mahali pa kukaa pasipotegemea moyo wa mfalme.

Hata hivyo fasihi inatahadharisha. Mikutano ya ushiriki huitishwa, majina huandikwa, picha hupigwa, kisha taarifa iliyokuwa imekwisha kuandikwa husomwa. Hilo ni lile baraza la pili, lenye meza mbele na wananchi nyasini, likiwa limejivua gamba. Kipimo ambacho watunzi hawa wametuachia ni rahisi kukieleza na kigumu kukitimiza: je, baada ya mwananchi kusema, kuna chochote katika uamuzi kilichobadilika kwa sababu yeye alisema? Karama aliona kikibadilika, na wajumbe sita wakatoka kifungoni. Mkulima wa Kisole hakukiona.